Safari ya mvinyo iliyoishia Kamakis

Haya, nimerudi. Nimekuwa kimya wiki tatu nzima, na baadhi yenu mmeniandikia mkiuliza kama nimeugua, nimeacha kazi au nimehamia lugha nyingine ya programu. La hasha. Nilikuwa likizo. Likizo yenyewe ilikuwa ya siku mbili tu, ila imenichukua wiki tatu kujua niseme nini kuihusu.

Kwa hiyo leo hakuna msimbo mwingi. Mliokuwa mkingoja sehemu ya pili ya hifadhidata, vumilieni kidogo.

Mambo yalianza hivi. Mimi na Mama Watoto tulioana Agosti 2015, kwa hiyo Agosti 2025 tulikuwa tunatimiza miaka kumi. Wanaonifuatilia wanajua kazi yangu: natunza mfumo wa malipo unaotumiwa na maduka madogo madogo. Mteja analipa kwa simu, ujumbe unafika kwenye seva yetu, seva inamwambia mwenye duka kwamba pesa imeingia, mpe mtu unga wake. Seva ikilala, mteja amesimama kaunta, mwenye duka anakodolea simu macho, foleni inakua, na simu yangu inalia. Inalia usiku wa manane. Inalia kanisani. Imewahi kulia mazishini, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika maikrofoni.

Tulipotimiza miaka minane nilikaa saa moja na nusu chooni mwa hoteli moja, kipakatalishi mapajani, nikiifufua seva. Niliporudi mezani Mama Watoto alikuwa amemaliza kula, na chakula changu kimefunikwa kwa sahani. Hakusema neno. Mwaka wa tisa hatukutoka kabisa. Seva ilianguka kabla sijafunga kamba za viatu.

Basi mwaka huu akaniambia mapema, tukiwa jikoni, bila kupandisha sauti:

"Baba Watoto, sitaki zawadi wala keki. Nataka siku mbili. Unipeleke mahali wanapotengeneza mvinyo, kama wale tunaowaona kwenye sinema. Na hiyo simu ibaki nyumbani."

Msidhani ni maringo. Tulikutana Juja, chuo kikuu cha JKUAT, mimi nikisomea kompyuta na yeye sayansi ya chakula. Mradi wake wa mwaka wa mwisho ulihusu uchachushaji. Mtu huyu ukimpa glasi ya mvinyo anainusa kwanza, kisha anakueleza nini kiliharibika kiwandani.

Nikafanya kile ambacho mwanaprogramu yeyote hukifanya akiwa na hofu. Nikafungua lahajedwali.

1. Stellenbosch, Afrika Kusini. Mji wa tangu 1679, mizabibu imepanda hadi miguuni mwa milima. Nauli ya ndege ya watu wawili ilizidi karo ya muhula. Nikaufuta mstari.

2. Dodoma. Hapa ndipo penye mvinyo wa kweli wa Afrika Mashariki: zabibu za Hombolo na Makutupora, na mavuno mara mbili kwa mwaka. Lakini kwa barabara ni Namanga, Arusha, Babati, Kondoa... siku zetu mbili zingeishia ndani ya basi.

3. Naivasha. Hapa kwetu, zabibu za mvinyo wa Leleshwa hulimwa upande huo wa Bonde la Ufa. Karibu na rahisi. Ila ilikuwa likizo ya shule na kila chumba cha bei yetu kilikuwa kimekwisha.

Nilikuwa naanza safu ya nne ("gharama ya kuahirisha hadi Desemba") Mama Watoto aliposimama nyuma yangu, akasoma lahajedwali yote, halafu akauliza: "Na Guka je?"

Guka ni babu yake mzaa mama. Anakaa Ruiru, nyuma ya Kamakis. Na Guka hutengeneza muratina.

Kwa wasomaji wa Tanzania na kwingineko, nieleze kidogo. Kamakis ni pale barabara ya Eastern Bypass inapokaribia kuungana na Thika Road. Ukiwa na njaa huwezi kupakosa. Mabanda ya nyama choma yamepangana kando ya lami, moshi juu, mbuzi wananing'inia, vijana wanapunga mikono barabarani kuvuta magari. Watu wa Nairobi huja Jumamosi na Jumapili kula na kurudi. Sijawahi kusikia mtu akipaita nchi ya mvinyo.

Na muratina? Ni kinywaji cha jadi cha Wakikuyu, cha asali au maji ya miwa, kinachochachushwa kwa tunda la mti ambao Kiswahili huuita mwegea. Bila hicho wazee hawaketi kuzungumzia ruracio, yaani mahari. Na hapo ndipo penye kidonda changu. Ruracio yetu ilipofika, mimi nilikuwa na shughuli nyingi (mnajua shughuli gani). Badala ya kuhangaika na asali na vibuyu, nilikubaliana na upande wao nitume pesa za pombe ya wazee kwa simu. Zilifika sekunde hiyo hiyo. Kila mtu alifurahi isipokuwa Guka, aliyeangalia ujumbe ule kwenye simu ya mwanawe na kusema: "Hii haina ladha." Kwa miaka kumi kila tunapokutana ananikumbusha kwamba nina deni la muratina. Nami hucheka, nikidhani ni mzaha.

Mama Watoto akampigia. Guka akasema tuje, ataanza Ijumaa asubuhi ili Jumapili kiwe tayari. Ila kwa sharti: mkwe ndiye atakayekilinda usiku wa Jumamosi.

Sasa sehemu ya kiufundi. Alhamisi nilikaa na mwenzangu kazini, dada mmoja aliyejiunga nasi mwaka jana, nikamkabidhi zamu. Sikuwahi kuikabidhi zamu kwa mtu. Nilikuwa nikisema "mfumo huu ni mgumu kuelezeka". Kumbe ulielezeka kwa kurasa nne:

- Ukurasa wa 1: nani apigiwe simu, kwa mpangilio gani, na lini usimpigie mtu yeyote.
- Ukurasa wa 2: namna ya kujua kama tatizo liko kwetu au kwa kampuni ya simu.
- Ukurasa wa 3: mambo matano yanayovunjika mara kwa mara, na amri ya kurekebisha kila moja.
- Ukurasa wa 4: namna ya kurudi kwenye nakala ya jana kama yote yameshindikana.

Kisha tukaizima seva ya majaribio makusudi, naye akaifufua mbele yangu huku nimekalia mikono nisiiguse kibodi. Ilimchukua dakika sita. Ijumaa jioni simu yangu nikaifungia kabatini Rongai. Tukabaki na ya Mama Watoto peke yake, kwa ajili ya watoto tuliowaacha kwa mama yangu.

Jumamosi saa sita mchana tulikuwa Kamakis baada ya kuizunguka Nairobi nusu nzima: Southern Bypass, Mombasa Road, Utawala, tukavuka Kangundo Road hadi moshi ulipoanza kuonekana. Tukaagiza kilo moja ya mbuzi, mutura, ugali na kachumbari. Mhudumu akasema tungoje dakika arobaini. Nyote mnajua dakika arobaini za nyama choma ni ngapi.

Basi tukakaa. Tukazungumzia karo. Tukazungumzia mtungi wa gesi. Tukazungumzia kama kijana wetu anahitaji miwani. Halafu mazungumzo yakaisha. Yakaisha kabisa, kama maji mferejini. Tulitazamana, tukatazama barabara, tukatazama tena meza. Miaka kumi ya ndoa na tulikuwa tumebakiza habari za gesi. Niliogopa, jamani. Mkono wangu ukaenda mfukoni wenyewe.

"Hiyo ni mara ya kumi na moja," akasema. "Nimekuwa nikihesabu."

Kuvunja kimya akaagiza mvinyo. Ukaja wa boksi, kwenye glasi mbili za maji, mtamu, baridi kama soda. Akasoma boksi lilipokuwa kaunta: umetoka Afrika Kusini. "Haya," akasema, "Stellenbosch imekuja yenyewe." Tukacheka kidogo. Ikawa afadhali.

Nikamuuliza swali ambalo kwa kweli sikulijua jibu lake: kwa nini Dodoma wavune mara mbili na wenzao wa Ufaransa mara moja? Akaweka glasi chini. Mzabibu, akaniambia, kwa asili hulala wakati wa baridi. Majani yanapukutika, mti unapumzika, kisha joto linauamsha. Karibu na ikweta hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima ndiye huamua lini mti uanze upya, kwa kupogoa na kupangilia maji. Ukipogolewa vizuri unazaa mara mbili kwa mwaka. "Lakini mti usiopumzika kabisa," akasema, "unazaa hovyo na unachoka mapema."

Hakuwa akinipiga kijembe. Alikuwa akizungumzia mizabibu. Lakini sikuweza kumtazama.

Nikamuuliza kama bado hufanya vipimo vya aina hiyo kazini, pale kiwanda cha maziwa. Akanyamaza, kisha: "Baba Watoto, mimi si wa maabara tena. Tangu Mei nasimamia kitengo kizima cha ubora. Nilikuambia. Ukasema 'safi sana' huku unaandika."

Nyama ikaja. Sikumbuki ladha yake.

Kwa Guka ni mwendo mfupi kutoka barabarani, lakini ni kama kuingia mwaka mwingine. Shamba lake ni nusu ekari, alilolipata miaka ya 1970 kupitia kampuni ya kununua mashamba, alipokuwa mfanyakazi kwenye kahawa. Sasa pande tatu zimezungukwa na maghorofa ya kupangisha, na nguo za wapangaji zinaning'inia juu ya mistari yake michache ya kahawa. Ni Ruiru 11, aina iliyotolewa na kituo cha utafiti wa kahawa cha hapo hapo Ruiru mwaka 1985. Guka huitaja kama mtu anavyomtaja mtoto aliyepita mtihani. Nyuma kuna jiko la zamani la mabati lenye moto wa kuni, na kando ya moto, kimefunikwa kwa blanketi, kibuyu.

Nikamwamkia. Akanishika mkono, akauliza: "Simu iko wapi?"

"Iko Rongai, Guka."

"Vizuri. Keti."

Akatuonyesha kazi yote. Tunda la mwegea ni refu na zito, linaning'inia mtini kama soseji kubwa. Maua yake hufunguka usiku na popo ndio huyachavusha. Tunda bichi ni sumu. Hukatwa, huchemshwa, hukaushwa juani, kisha huwekwa kwenye asali kidogo na maji mahali penye joto ili liamke, halafu hukaushwa tena. Baada ya hapo vipande hivyo ni mali. Hutumika, husafishwa, hukaushwa, hutumika tena, mwaka hata mwaka. Vya Guka vingine alipewa na marehemu mkewe.

Mama Watoto akakichukua kimoja, akakipasua kidogo kwa ukucha. "Chachu inakaa humu kwenye nyuzi," akaniambia. "Huhitaji kuitafuta upya kila mara. Unahifadhi makazi yake tu." Nikasema ni kama maktaba ya msimbo: unaiandika mara moja, unaitumia kwenye kila mradi. Akanitazama vile anavyonitazama. Guka akauliza nimesema nini, Mama Watoto akamtafsiria kwa Kikuyu, mzee akacheka hadi akakohoa.

Niongeze hapa, maana nawajua: sheria ya vileo ya mwaka 2010 inamtaka anayeuza awe na leseni. Guka hauzi. Na sisi hatukugusa usukani hadi Jumatatu asubuhi.

Sasa zamu yenyewe. Agosti Ruiru ni baridi, nayo chachu ikipoa inalala. Ikizidi joto inakufa. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha moto haufi wala hauwaki sana, na kukigeuza kibuyu upande kila baada ya muda. Hakuna skrini, hakuna tahadhari inayolia. Kipimo ni kiganja na sikio. Unaweka sikio kwenye kibuyu na kusikia povu likichemka polepole, kama mvua ya mbali juu ya mabati. Sukari inaliwa, hewa inatoka, kileo kinabaki. Sauti ikipungua unasogeza ukuni.

Guka akaenda kulala saa tatu. Nilidhani Mama Watoto naye ataenda. Akavuta kigoda, akajifunika shuka, akakaa.

Nikamwambia: "Nieleze hiyo kazi ya Mei. Kuanzia mwanzo."

Akaanza taratibu, kama mtu anayejaribu barafu kama imeshika. Akanieleza kuhusu maziwa ya tangi moja aliyoyakataa wiki ya kwanza, na jinsi watu wa mauzo walivyomchukia. Akanieleza kwamba usiku ule alirudi nyumbani akitaka kulia, akanikuta sebuleni na vipokea sauti masikioni, akaenda kuoga. Akanieleza kwamba aliwahi kufikiria kunitumia barua pepe yenye kichwa "DHARURA" kwa herufi kubwa, maana aliona hizo ndizo ninazozijibu. Alilisema hilo akicheka. Mimi sikucheka.

Sikujitetea. Nilikuwa na utetezi, tena mzuri: karo, mkopo wa gari, maduka yale yote. Lakini nilikuwa nimeshika ukuni na hapakuwa na mahali pa kukimbilia. Nikasikiliza hadi jogoo wa kwanza. Katikati tulisahau moto, karibu uzime. Tukaupuliza wote wawili, nyuso zikajaa majivu.

Jumapili baada ya kanisa Guka akaomba, akamimina kidogo kwenye kikombe cha pembe, akaonja. Akanyamaza muda mrefu kupita kiasi. Kisha akampa Mama Watoto, naye akanusa kwanza (bila shaka), akanywa, akanipa mimi. Ni kikavu kuliko nilivyotarajia, chenye ukali wa matunda na asali kwa mbali, na moshi mwishoni. Huo moshi nadhani ulikuwa kosa langu.

"Deni la muratina limelipwa," Guka akasema. Nikashusha pumzi. "Yale mengine tutazungumza." Wakikuyu mnajua. Ruracio haiishi.

Sasa njooni Jumatatu, maana hii ndiyo sehemu iliyonizuia kuandika kwa wiki tatu.

Nilifungua kabati, nikawasha simu. Jumamosi saa nne na dakika kumi usiku, wakati nikiwa na sikio kwenye kibuyu, seva ilianguka. Dakika 47. Diski ilikuwa imejaa faili za kumbukumbu, ambalo ni tatizo namba mbili kwenye ukurasa wa 3. Mwenzangu alifuata amri niliyoiandika: futa faili za zamani, washa upya. Ikawaka. Mimi ningeifanya kwa dakika kumi na mbili, na kwa muda nilijisikia vizuri kulijua hilo.

Kisha nikasoma ujumbe wake wa pili, wa Jumapili. Alikuwa amejiuliza kwa nini diski ijae mara kwa mara, akaongeza mipangilio ya mistari mitatu: faili zizungushwe kila siku, zibanwe, na za zaidi ya siku kumi na nne zifutwe zenyewe. Akaandika: "Samahani kama kulikuwa na sababu ya kutofanya hivi."

Hakukuwa na sababu. Nilirudi kwenye kumbukumbu za matukio nikaangalia zile siku mbili za Agosti. Choo cha hoteli: diski imejaa. Viatu: diski imejaa. Mistari mitatu. Niliijua siku zote. Kila mwanaprogramu anaijua. Miaka mitatu nilichagua kuamka usiku na kufuta kwa mkono, kisha asubuhi watu waniandikie "asante sana, bila wewe tungefanya nini".

Seva ikilia inakuambia kosa liko wapi, na ukilirekebisha inanyamaza. Mke wangu hakuwa akilia. Alikuwa akifunika chakula kwa sahani.

Nilimwonyesha ile mistari mitatu Jumatatu jioni. Sikutaka, lakini nilimwonyesha. Akaisoma kama anavyosoma kila kitu, mara mbili. Akauliza: "Hii tu?" Nikasema hii tu. Akaniambia atapasha chakula, akaingia jikoni, nami nikamfuata nikakata vitunguu. Hatukulizungumza zaidi siku hiyo. Tumelizungumza baadaye, na bado tunalizungumza.

Zamu sasa tunagawana, wiki yangu na wiki yake. Zile kurasa nne zimekuwa saba, tatu zikiwa zimeandikwa na yeye, na ni bora kuliko zangu. Guka ametupa kipande kimoja cha tunda, kimekauka, kiko juu ya kabati pale simu ilipofungiwa. Mama Watoto anataka tujaribu Desemba, kukiwa na joto.

Wiki ijayo hifadhidata, sehemu ya pili, naahidi. Ila msiniandikie Jumamosi. Jumamosi hiyo zamu si yangu.